Mkanda Mwekundu wa Stardom: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tulimfahamu mwanamieleka IYO SKY kupitia WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, bila kujua alikotoka. Ukifuata nyayo zake kurudi nyuma unafika Tokyo, kwenye mkanda mmoja mwekundu ambao aliwahi kuushika hadi watu wakadhani amezaliwa nao kiunoni. Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wanaonikuta nimeinamia simu mchana, chakula kinapoa.

Mkanda huu ni upi hasa?

Jina lake rasmi ni World of Stardom Championship. Ndio ubingwa wa juu kabisa wa Stardom, kampuni ya mieleka ya kulipwa ya wanawake pekee nchini Japani. Stardom ilianzishwa mwaka 2010 na watu watatu: Rossy Ogawa, promota mkongwe, Fuka, mwanamieleka aliyekuwa amestaafu, na Nanae Takahashi, ambaye alikuwa bado anapigana. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 23 Januari 2011 kwenye kaukumbi ka Shin-Kiba, Tokyo. Mkanda ulianza kugombewa Julai mwaka huohuo.

Wajapani wenyewe hawahangaiki na jina refu. Wanauita *akai beruto*, yaani mkanda mwekundu. Hiyo *beruto* ni neno la Kiingereza walilolipachika irabu mwishoni, kama sisi tulivyofanya kwa basi na benki.

Kwa nini mwekundu? Rangi ina maana yoyote?

Ina maana kubwa. Kabla ya Stardom palikuwepo All Japan Women's, kampuni ya ndugu wa ukoo wa Matsunaga, iliyoanza mwaka 1968 na kufunga milango mwaka 2005. Taji lake kubwa, WWWA, nalo lilikuwa na mkanda mwekundu. Waliopita pale ni Jaguar Yokota, Chigusa Nagayo, Bull Nakano, Aja Kong na Manami Toyota, na kila mmoja wao angestahili ukurasa wake. Miaka ya 1980, Nagayo na mwenzake Lioness Asuka walikuwa wanajaza kumbi kwa wasichana wa shule waliokuwa wakilia kwa sauti. Tarehe 28 Agosti 1985, mjini Osaka, Nagayo alishindwa na Dump Matsumoto katika pambano la kunyolewa nywele, akanyolewa palepale ulingoni huku wasichana hao wakiangalia. Waulize Wajapani waliokuwa wadogo wakati ule, hawajasahau.

Ogawa alifanya kazi miaka mingi katika kampuni hiyo, na Takahashi alianzia mieleka hapohapo mwaka 1996. Walipotengeneza mkanda wao wakachagua wekundu. Ni kama mtu kumpa mtoto wake jina la bibi: hata asiposema kitu, ukoo mzima umeelewa anachokusudia.

Si matokeo yanapangwa? Sasa ubingwa wa kupangwa una faida gani?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, nami nimeliweka la tatu makusudi.

Ndiyo, mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Kisichopangwa ni uzito wa binadamu anayeanguka kutoka kamba ya juu. Anayebebwa juu na kubamizwa chini kwa mgongo anabamizwa kweli, na kinachomwokoa ni kwamba mwenzake anajua namna ya kumshusha. Ndiyo maana mimi huwaambia watu kuwa katika mieleka mwili wa mpinzani ni amana. Umekabidhiwa, utautumia mbele ya watu, na lazima uurudishe mzima.

Kwa hiyo kumvika mtu mkanda mwekundu si kusema ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Kampuni inasema: huyu ndiye tunayemwamini afunge onyesho, auze tiketi, amfanye mpinzani aonekane wa maana hata anaposhindwa, na asimuumize mtu. Yote manne kwa pamoja. Wanaoweza matatu ni wengi sana.

Bingwa wa kwanza alikuwa nani?

Nanae Takahashi. Alimshinda Yoshiko tarehe 24 Julai 2011 katika ukumbi wa Korakuen, akakaa na mkanda siku 602. Wapo waliolalamika kwamba mwasisi anajipa ubingwa mwenyewe. Malalamiko yana haki yake, ila tazama hali ilivyokuwa: karibu wote waliobaki walikuwa wasichana wanaojifunza kazi. Mkanda mpya ungewekwa kiunoni mwa nani?

Aliyemvua ni Alpha Female, Mjerumani mwenye umbo kubwa, tarehe 17 Machi 2013. Wiki sita baadaye Io Shirai akamvua Mjerumani. Shirai ndiye huyu mnayemwita IYO SKY.

Ni kweli kuna bingwa aliyempiga mwenzake kikwelikweli?

Ni kweli, na usiitafute video hiyo ukiwa unakula.

Tarehe 22 Februari 2015, Korakuen, bingwa Yoshiko alikuwa anautetea mkanda dhidi ya Act Yasukawa. Mapema tu ikaonekana mambo yameharibika. Ngumi zilikuwa zinatua usoni bila kupunguzwa kasi, na Yasukawa, ambaye tayari alikuwa na historia ya ugonjwa wa tezi na matatizo ya macho, hakuwa na namna ya kujikinga. Uso ulivimba watu wakiona. Kyoko Kimura, aliyekuwa pembeni ya ulingo upande wa Yasukawa, ndiye aliyerusha taulo. Yasukawa alitoka pale na mifupa ya uso iliyovunjika: shavu, pua, na tundu la jicho.

Ukumbi uliokuwa umelipia kuona watu wakipigana ukanyamaza kwa sababu watu wanapigana. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alielewa, bila kuambiwa, kwamba amana imevunjwa.

Siku chache baadaye Yoshiko alivuliwa ubingwa. Habari ilitoka nje ya kurasa za mieleka ikafika kwa watu wasiojua hata Stardom ni nini. Mwaka uleule Takahashi aliondoka akaanzisha kampuni yake, SEAdLINNNG, na Yoshiko akarudi ulingoni kupitia huko mwaka 2016. Yasukawa alitundika viatu mwishoni mwa 2015. Kwa miaka kadhaa ukitaja Stardom mbele ya mtu asiyefuatilia, alikuwa anakujibu kwa habari ya pambano hilo moja.

Mkanda uliponaje baada ya hapo?

Kwa kupewa watu wasafi wa kazi. Ulishindaniwa upya, na tarehe 29 Machi 2015 Kairi Hojo akamshinda Io Shirai kwenye fainali. Hojo alikuwa mwanamichezo wa mashua za tanga kabla ya mieleka, na ana tabasamu ambalo hata shabiki mwenye hasira analipokea. Julai akashindwa na Meiko Satomura, kiongozi wa Sendai Girls, aliyekuja kutoka nje ya kampuni.

Kumpa mgeni mkanda wako wa juu ni jambo zito, lakini Satomura alikuwa na heshima kuliko mwanamieleka yeyote wa kike aliyekuwa akipigana Japani wakati huo. Alipouvaa, ni kama mzee wa mtaa amekuja kuketi sebuleni kwa familia iliyoaibika. Majirani wakaanza kupita tena.

Tarehe 23 Desemba 2015 Shirai akaurudisha nyumbani.

Nani ameushikilia kwa uzuri zaidi?

Kwangu mimi ni Shirai, katika kipindi hicho cha pili: Desemba 2015 hadi Juni 2017, akautetea mara 14. Kwa siku hakumfikia Takahashi. Kwa ubora wa mapambano, sioni wa kumweka karibu naye. Alikuwa anaruka kinyumenyume kutoka kamba ya juu na kutua kama mtu anayeshuka kitandani. Alipoenda Marekani mwaka 2018 hakujifunza upya kitu chochote cha maana. Walioshangaa alipotwaa ubingwa wa WWE Agosti 2023 mjini Detroit ni wale ambao hawakuwahi kumwona Korakuen.

Mayu Iwatani ni nani, na kwa nini kila shabiki wa zamani humtaja?

Kwa sababu alikuwepo siku ya kwanza kabisa, 2011, akiwa dhaifu kuliko wote. Msichana kutoka mkoa wa Yamaguchi, aliyekuwa akijifungia ndani, akakimbilia Tokyo kutafuta mieleka. Miaka ya mwanzo alikuwa anashindwa tu. Anajikwaa hata akipanda ulingoni, watu wanacheka, naye anacheka nao.

Kisha, Mei 2017, akamvua Hojo mkanda mweupe, ubingwa wa pili wa Stardom, na tarehe 21 Juni akamvua Shirai mwekundu. Hakuna aliyewahi kuishika yote miwili kwa wakati mmoja kabla yake. Furaha haikudumu: tarehe 24 Septemba, akipambana na Toni Storm, kiwiko chake kilitoka mahali pake dakika za mwanzo na refa akasimamisha pambano. Mkanda ukaenda kwa Storm. Ilikuwa ajali, wala hakuna aliyemlaumu Storm. Hapo ndipo unapoona tofauti na ile Februari ya Yoshiko: mfupa ni uleule, maumivu ni yaleyale, lakini ukumbi haukuwa na mtu wa kumchukia.

Iwatani alirudi akautwaa tena Novemba 2019 na kukaa nao mwaka mzima. Mwaka 2025 alihamia kampuni nyingine. Bado naona ajabu kuandika sentensi hiyo.

Wageni wangapi kutoka nje ya Japani wameushika?

Hadi kufikia 2024 ni watatu: Alpha Female wa Ujerumani, Toni Storm aliyelelewa Australia, na Bea Priestley wa Uingereza. Storm sasa yuko AEW, kampuni nyingine ya mieleka huko Marekani.

Mkanda mweupe nao ni nini?

Wonder of Stardom. Kwenye karatasi ni wa pili kwa ukubwa. Kwenye mioyo ya mashabiki, inategemea mwaka. Nao una bibi yake: All Japan Women's walikuwa na mkanda mweupe chini ya ule mwekundu. Mwekundu huzungumza nani ni bora. Mweupe huzungumza chuki, wivu, mapenzi, visasi. Mpenzi wa taarab ataujua huu kabla ya ule.

Mfano: tarehe 3 Machi 2021, Nippon Budokan, siku Stardom ilipoadhimisha miaka 10. Bingwa Giulia dhidi ya Tam Nakano, mkanda mweupe mezani, na anayeshindwa ananyolewa. Nakano akashinda. Giulia akakaa kwenye kiti katikati ya ulingo, mgongo umenyooka, akanyolewa bila kupepesa. Walioikumbuka Osaka ya 1985 hawakuhitaji kuelezwa.

Nianze na pambano gani?

Utami Hayashishita dhidi ya Syuri, tarehe 12 Juni 2021, Ota, Tokyo. Hayashishita alikuwa bingwa, binti aliyetokea kwenye judo na ambaye hakuwa hata amefikisha miaka mitatu ulingoni. Syuri alikuwa ameshapigana kwenye UFC, mapigano ya kweli yasiyopangwa, kwa hiyo anapokupiga teke, hata la maigizo, unaamini. Walipigana zaidi ya dakika 40. Mwisho wake hakuna aliyeshinda. Wote walilala chini, refa akahesabu, hakuna aliyeinuka. Kwa kawaida sare huniudhi, maana nahisi nimedanganywa. Hii haikuniudhi.

Ukimaliza, tazama marudio yao ya tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, Syuri anapoutwaa. Usianze na hilo la pili.

Nimesikia Tam Nakano alistaafu kwa sababu ya mkanda huu. Ilikuwaje?

Nakano alikuwa mwimbaji wa makundi ya wasichana kabla ya kuingia mieleka. Aliutwaa mkanda mwekundu Aprili 2023 kutoka kwa Giulia, akaumia, akauachia, Maika akaushinda Desemba. Julai 2024 Nakano akaurudisha kwa kumshinda huyohuyo Maika. Tarehe 29 Desemba 2024 akaupoteza kwa Saya Kamitani, ambaye miezi michache kabla alikuwa amewasaliti wenzake akajiunga na kundi la wakorofi liitwalo H.A.T.E.

Uhasama ukapanda ngazi hadi tarehe 27 Aprili 2025, Yokohama Arena: mkanda upo, na anayeshindwa anaacha mieleka kabisa. Kamitani akashinda. Nakano akaondoka. Baada ya pambano Kamitani, mkorofi ambaye kazi yake ni kuchukiwa, alikuwa analia.

Sasa, mshindi si alipangwa? Alipangwa, ndiyo. Lakini mwanamke aliyepanda ulingoni usiku ule alikuwa anajua kwamba hatapanda tena, na aliyemshikilia mara ya mwisho alijua amekabidhiwa nini. Mtu akiniuliza tena kama mieleka ni ya uongo, namwonyesha dakika tano za mwisho za pambano hilo nakwenda kuchemsha chai.

Mapambano makubwa hufanyika wapi?

Nyumbani ni Korakuen Hall, ukumbi wa mwaka 1962 ulio pembeni ya Tokyo Dome. Hauchukui watu wengi, hata elfu mbili ni kubanana, na ndiyo raha yake. Mwisho wa mwaka, tangu 2021, huhamia Ryogoku Kokugikan.

Kuhusu Ryogoku kuna jambo ambalo halinitoki kichwani. Ule ni ukumbi wa sumo, na katika sumo mwanamke haruhusiwi kukanyaga ulingo wa udongo. Mwaka 2018 mjini Maizuru, meya alianguka akiwa anahutubia kwenye ulingo wa sumo. Wanawake waliopanda kumpa huduma ya kwanza wakatangaziwa kwa kipaza sauti washuke. Chama cha sumo kiliomba radhi baadaye, lakini katazo lenyewe lilibaki. Pale Ryogoku ulingo wa udongo hushushwa chini ya sakafu sumo isipokuwepo. Juu yake hufungwa ulingo wa mieleka. Kila Desemba, basi, wanawake wanaugombea mkanda mwekundu juu ya udongo wasioruhusiwa kuukanyaga.

Stardom ni ya nani sasa? Nasikia Ogawa hayupo.

Mwaka 2019 ilinunuliwa na Bushiroad, kampuni ya michezo ya karata inayomiliki pia New Japan, mieleka ya wanaume. Fedha ikaingia, kumbi zikawa kubwa. Februari 2024 Ogawa akafukuzwa, akituhumiwa kuwavuta watu waondoke naye. Miezi mitatu baadaye Marigold, kampuni yake mpya, ikafanya onyesho la kwanza Korakuen. Giulia alipita huko kidogo kabla ya kwenda WWE, Hayashishita akahamia, na huko ndiko Iwatani alikokwenda.

Nani alikuwa na haki? Nimesikia pande zote mbili na kila upande unasimulia vizuri. Mkanda ulibaki.

Ubingwa wa IWGP wa wanawake si ndio huuhuu?

Hapana. Ule ni wa New Japan, ulianza Novemba 2022, Kairi Hojo akiwa bingwa wa kwanza. Wanaoupigania wengi ni walewale wa Stardom, ndiyo maana watu wanachanganya.

Zile karatasi za rangi zinazorushwa ulingoni ni za nini?

Ni mikanda ya karatasi ambayo mashabiki huirusha jina la mwanamieleka wao linapotangazwa, kila mmoja na rangi yake. Wanamieleka wachanga hukimbia kuikusanya kabla kengele haijalia, maana mtu anaweza kuteleza. Hao wachanga wanaokusanya karatasi leo ndio watakaorushiwa kesho. Iwatani naye alizikusanya.

Nitajuaje saa ya kutazama nikiwa Nairobi au Dar?

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha yoyote. Tokyo wako mbele yetu kwa saa sita, na saa zetu za Kiswahili zimetofautiana na saa za kizungu kwa sita zilezile. Kwa hiyo usihesabu chochote. Wakiandika onyesho linaanza 6:30 jioni kwa saa za Tokyo, kwako ni saa sita na nusu, ya mchana. Wakiandika 5:00 jioni, ni saa tano asubuhi. Namba ileile. Bosi wangu hajui bado kwa nini mapumziko yangu ya mchana huwa marefu siku za Korakuen.